Kuitika Si Kuelewa: Mama Mkimbizi na Uzazi wa Ugenini

Kuna maneno yanayosemwa kila siku katika mitaa yetu, nami ninawaomba tuyakatae pamoja. Yanasemwa hivi: «Yule dada amebahatika. Amefika Ulaya, amejifungulia katika hospitali ambayo umeme hauzimiki, mtoto amepewa nguo na maziwa. Sasa analalamika nini?» Wazee huyasema, vijana huyasema, na hata akina mama waliojifungua kwa taabu hapa kwetu huyasema. Mara nyingi yanafuata simu iliyotoka Marekani, Kanada au Australia, ambako dada, shangazi au jirani wa zamani amejaribu kueleza kwamba siku ya kujifungua kwake alijiona kama mzigo unaopokelewa na kupitishwa kutoka mkono huu hadi ule, bila kuulizwa neno. Anapofika hapo, sisi tulio nyumbani tunamkatiza. Tunamwambia ashukuru.

Nasema kwamba jibu hilo halina haki, tena lina hatari. Halina haki kwa sababu linamnyima mama ruhusa ya kusema yaliyompata mwilini mwake. Lina hatari kwa sababu jambo analotaka kulisema ndilo hilo ambalo, lisiposikilizwa, huweza kuleta kifo hata ndani ya hospitali iliyojaa vyombo vya kila aina.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli katika hoja ya wenzetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikadiria kwamba katika Kongo yetu wanawake 846 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hakuna kijiji cha Fizi, Uvira au Walungu kisichojua maana ya hesabu hiyo. Damu ya kuongezewa, hewa ya oksijeni, daktari wa upasuaji aliye macho usiku wa manane: hayo ni mema makubwa, na anayeyadharau hajawahi kubeba machela kilomita ishirini katika matope. Mama mkimbizi mwenyewe hayadharau. Aisifuye mvua imemnyea, naye amenyeshewa na mvua zote mbili, ya huku na ya kule.

Lakini chombo ni kitu kimoja na kuelewana ni kitu kingine. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden, nchi ambayo huduma yake ya uzazi ni miongoni mwa zilizo bora duniani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya vifo vya watoto wachanga wa akina mama waliotoka Ethiopia, Eritrea na Somalia. Walilinganisha vifo hivyo na vile vya watoto wa akina mama wa Kiswidi. Walikuta akina mama waliochelewa kutafuta msaada, na wengine waliokataa kupasuliwa. Walikuta pia mapungufu upande wa hospitali: mtoto asiyekua vema tumboni bila kufuatiliwa ipasavyo, vipimo vya moyo wa mtoto vilivyosomwa vibaya, na kutoelewana kati ya mama na wale waliomhudumia. Umeme ulikuwapo na dawa zilikuwapo. Kwa baadhi yao, kilichokosekana ni mazungumzo kati ya watu wawili wanaoelewana.

Sasa tuwatazame dada zetu wenyewe. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, imewapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Wengine walikimbilia Uganda, Rwanda na Burundi. Kutoka katika makambi hayo wengi wamehamishiwa Marekani, hata kati ya mwaka 2016 na 2019 Wakongo wakawa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa huko kila mwaka. Leo wako Kentucky, Texas, Iowa, Idaho na kwingineko. Mwanamke wa namna hiyo hakutoka gizani. Kambini alikwenda kliniki akiwa na mimba na kusemeshwa kwa Kiswahili. Alijua ni jirani yupi atakayelala na watoto wake usiku wa uchungu, na ni mama yupi mzee atakayemshika mgongo. Ule ulikuwa umaskini, lakini ulikuwa umaskini wenye watu.

Anapofika ugenini, watu hao hawapo. Nchini Marekani, ofisi iliyompokea ilipewa kazi ya kumhudumia kwa siku 90 za kwanza: nyumba, karatasi, shule ya watoto, njia ya basi. Mimba ni miezi tisa. Anayeanza mimba siku aliyoshuka kwenye ndege atafika chumba cha kujifungulia wakati msaidizi wake wa kwanza amekwisha kukabidhiwa familia nyingine.

Hapo ndipo neno «Swahili» linapoandikwa juu ya faili lake, na wenye hospitali wanadhani shida imekwisha. Mkalimani anatafutwa kwa simu. Sauti inayosikika ni ya mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, mwenye Kiswahili safi, naye mama ni Mbembe wa milimani ambaye Kiswahili ni lugha yake ya soko, au ni Mnyamulenge ambaye hesabu za moyo wake huzifanya kwa Kinyamulenge. Mkalimani anauliza kama chupa imepasuka. Mtanzania anajua kwamba anaulizwa kama maji ya uzazi yamemwagika. Mama wa Fizi anaweza kujiuliza ni chupa gani inayotafutwa. Anaulizwa kama ana uchungu. Je, ni uchungu wa kuzaa, au ni maumivu ya kichwa aliyo nayo tangu asubuhi, au ni uchungu wa moyo? Neno ni moja, majibu ni matatu, na daktari ataandika moja tu.

Yapo maneno ya hatari zaidi. Kupumzisha uzazi kwa miaka michache ni jambo moja. Kufunga kizazi ni jambo jingine kabisa, lisilorudi nyuma kwa urahisi. Kati ya maneno hayo mawili kuna watoto wote ambao familia ingeweza kuwapata, na mara nyingine swali hilo huulizwa kwa haraka, mama akiwa amelala kitandani, maumivu yakiwa juu, na kalamu ikiwa tayari mkononi mwake.

Mama anaitika. Anasema «ndiyo». Anatia sahihi.

Sisi tuliofundishwa ualimu tunalijua jambo hili tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Mwalimu anayeuliza darasa «Mmeelewa?» atajibiwa «Ndiyo, mwalimu!» na watoto hamsini, na arobaini kati yao hawajashika kitu. Wanaitika kwa adabu, kwa woga, kwa sababu wenzao wameitika, au kwa sababu wanataka somo liishe. Ndiyo maana mwalimu mwema haulizi «Mmeelewa?» bali humwambia mtoto: «Nieleze sasa kwa maneno yako.» Wauguzi wengi wa nchi hizo wamefundishwa njia hiyohiyo, ya kumwomba mgonjwa arudie kwa lugha yake alichoambiwa. Basi tusikubali kuambiwa kwamba mama mkimbizi alikubali kwa sababu tu aliitika. Ridhaa ya mtu asiyeelewa ni karatasi tu. Huilinda hospitali mbele ya hakimu. Mama haimlindi kitu.

Wapo watakaosema: «Tatizo ni ujinga wao. Wanaogopa kupasuliwa kwa sababu ya imani za kijijini.» Hoja hiyo husikika kule, na kwa masikitiko yangu husikika pia hapa kwetu kwa vijana waliosoma. Hebu tuipime. Uchunguzi uleule wa 2013–2014 ulionyesha kwamba nchini mwetu watoto wapatao 5 tu kati ya 100 huzaliwa kwa upasuaji. Nchini Marekani ni karibu mmoja kati ya watatu. Kwetu, mara nyingi upasuaji huja mwishoni, baada ya siku mbili za uchungu, mama akiwa amekwisha kuishiwa nguvu na damu. Mwanamke aliyekua katika hali hiyo ameona kwamba wengi waliopelekwa kupasuliwa hawakurudi. Amejua pia kwamba aliye na kovu tumboni, akishika mimba nyingine mbali na hospitali, anaweza kupasuka mji wa mimba na kufa njiani. Hofu hiyo ni elimu. Aliipata kwa kutazama, akaihifadhi kwa sababu iliwasaidia wanawake kubaki hai.

Watafiti waliozungumza na akina mama wa Kisomali huko Norway, Sweden na Marekani wamekuta hofu hiyohiyo, na baadhi ya akina mama hao walichelewa kwenda hospitali kwa makusudi ili wasipasuliwe. Dawa ya hofu ya namna hiyo ni maelezo ya kweli, yaliyotolewa mapema, miezi kabla ya siku yenyewe: kwamba huku upasuaji hufanywa mapema na kwa sababu zipi, kwamba kovu lina maana gani kwa mimba inayofuata, kwamba mama ana haki ya kuuliza kama ipo njia nyingine. Mama akielezwa hivyo, wengi hukubali upasuaji unaohitajika. Asipoelezwa, atakataa hata ule ambao ungemwokoa mtoto wake. Kwa hiyo anayemwita mjinga anamtwika mama kosa la aliyekaa kimya.

Lipo jambo jingine la aibu kubwa. Mahali pengi, mkalimani anapokosekana, anaitwa mtoto. Msichana wa miaka kumi na miwili, aliyejifunza Kiingereza shuleni kwa haraka kuliko mama yake, anasimamishwa kando ya kitanda na kuulizwa juu ya damu ya mama, juu ya mimba zilizoharibika, juu ya mambo ambayo katika desturi zetu hata dada mkubwa angeyasema kwa kuinamisha macho. Na ikiwa moyo wa mtoto aliye tumboni umesimama, ni nani atakayemwambia mama? Ni yule msichana. Mara nyingine anaitwa mume, na mama hawezi kusema mbele yake lile alilotendewa vitani na askari, jambo ambalo mkunga angepaswa kulijua kabla ya kumgusa.

Hayo si lazima yawe hivyo. Nchini Marekani sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika huduma zinazopokea fedha za serikali kuu, na hospitali karibu zote huzipokea. Kanuni zilizotolewa mwaka 2016, chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010, zilikwenda mbali zaidi: hospitali isimdai mgonjwa aje na mkalimani wake, na isimtegemee mtoto kutafsiri isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mtu mwingine. Mkalimani ni wa bure kwa mgonjwa. Mama anayemwomba haombi sadaka. Anadai kilicho chake. Lakini haki usiyoijua ni sawa na shamba ambalo hujaonyeshwa mipaka yake: kila mtu atalima ndani yake isipokuwa wewe.

Mtaniuliza: kama ni hivyo, kwa nini hawasemi? Wengine wanaogopa kwamba wakilalamika msaada utakatwa. Wengine wamesikia kwamba serikali za huko huwachukua watoto wa wazazi wasiofaa, nao wanaogopa kuonekana hawafai. Mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu humwona, na kosa lake halifichiki. Na wengine hawasemi kwa sababu yetu sisi. Walijaribu kusema kwetu, tukawaambia wamebahatika.

Baada ya siku moja au mbili, au chache zaidi kwa aliyepasuliwa, mama anarudishwa nyumbani. Kwetu, huo ndio wakati wa watu kuingia: wa kuchemsha maji ya kumkanda, wa kupika uji, wa kumchukua mtoto ili mama alale. Kule mlango unafungwa. Mume amerudi kazini kiwandani kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Mama yuko peke yake na mtoto, na kovu, na theluji dirishani. Akilia wiki nzima, atajiona mwenye dhambi ya kutoshukuru, na huenda asijue kwamba huzuni inayomzidi mzazi ni ugonjwa unaojulikana na kutibika.

Ninajua la kufanya halitokosekana, kwa maana limekwisha kuonekana. Mwaka 2017 ulitolewa muhtasari wa tafiti 26, zilizohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumtia moyo bila kuachwa wakati wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa bila kupasuliwa, na ni wachache zaidi wanaobaki na kumbukumbu mbaya ya siku hiyo. Bibi zetu walilijua hilo bila utafiti. Kwa hiyo katika miji kadhaa ya ugenini wanawake wakimbizi wenyewe wamefundishwa kuwasindikiza wenzao hospitalini, kwa lugha zao, na hospitali zenye busara zinawakaribisha. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Basi mama awe na mtu aliyepo kwa ajili yake.

Ningeishia hapa kama shida ingekuwa ya ng'ambo tu. Lakini polemiki isiyogusa nyumba ya mwandishi wake ni majungu. Tangu mwaka 2015 sisi nasi ni «nchi ya kigeni» kwa wengine. Kambi ya Lusenda, katika Fizi, kando ya ziwa, ilifunguliwa mwaka huo ili kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao. Wapo wanawake wa Kirundi wanaojifungulia kwetu, wakati mwingine mikononi mwa muuguzi asiyejua Kirundi na asiye na subira ya kutafuta anayekijua. Je, tunawapokea kama vile tunavyotaka dada zetu wapokelewe Texas? Au tunasema kwamba wamekuja kumaliza dawa zetu? Wapo pia dada zetu waliohama makwao ndani ya nchi hii hii, wakifika maternite ya mji mgeni bila ndugu na bila faranga. Na zipo hospitali nchini mwetu ambazo humzuia mama aliyejifungua, pamoja na mtoto wake, wiki nzima au zaidi, hadi deni lilipwe. Serikali ilianzisha mpango wa uzazi wa bure, kuanzia Kinshasa, mwezi Septemba 2023; lakini mahali mpango haujafika, mama huyo bado ni mateka wa deni. Anayekubali hayo jirani na nyumba yake hana kinywa cha kuilaumu Marekani. Na anayeyakataa hapa ana haki, tena ana wajibu, wa kuyakataa kote.

Vijana wapendwa, ninawadai mambo manne, wala si makubwa. Kwanza, dada anapopiga simu na kusimulia uzazi wake, msikilizeni hadi mwisho kabla ya kumwambia ashukuru. Pili, mwambieni kwamba anaweza kuomba mkalimani wa lugha yake halisi, Kibembe au Kifuliiru au Kinyamulenge, na kwamba binti yake asiwe mkalimani wake. Wengi hawajawahi kuambiwa. Tatu, wasichana na wavulana, jifunzeni maneno ya uzazi kwa lugha zenu na kwa Kifaransa bila aibu ya kipuuzi, kwa maana kesho mmoja wenu atasimama kando ya kitanda na neno moja litahitajika. Nne, wanaojua Kirundi katika vikundi vyenu wajulikane kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na waitwe siku mama mgeni anapofika.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hiyo tunaitumia kwa wepesi. Ikiwa ni kweli kwamba mzazi ndiye anayeujua, basi yeye ndiye wa kuulizwa, kwa lugha anayoielewa, naye apewe muda wa kujibu.

Maswali kwa mazungumzo ya kikundi:

Ni nani katika familia zetu amejifungulia ugenini, na ni lini tulimwuliza ilikuwaje?

Katika maternite iliyo karibu nasi, mama asiyejua lugha ya mahali husaidiwa na nani?

Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kabla ya mwezi huu kwisha, na ni nani kati yetu atakayelifuatilia?